Volti Moja ni Wati Ngapi?

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu hii, naomba unisaidie jambo ambalo nimeshawauliza watu kadhaa na kila mmoja akanijibu lake. Nimenunua birika la umeme, na chini yake pamebandikwa karatasi iliyoandikwa 220–240V, 50/60Hz, 1850–2200W. Ninajua kwamba soketi za nyumbani kwangu hutoa volti 230. Sasa, soketi ya volti 230 inawezaje kulisha kifaa cha 2200? Jirani yangu anayetengeneza redio anasema volti hugeuzwa kuwa wati, lakini hakuniambia volti moja ni wati ngapi. Mwingine amenieleza kwamba volti na wati zote ni nguvu ya umeme na tofauti yake ni kama ya gramu na kilo. Halafu, kwa nini wati zimeandikwa kwa namba mbili ilhali birika ni moja?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na lile la katikati, kwa sababu ndilo linalowazungusha wote waliokujibu. Hakuna namba ambayo ukizidisha au kugawanya kwayo itakutoa kwenye volti na kukufikisha kwenye wati, kama vile huwezi kujua jumla ya fedha alizolipa mtu kwa kutajiwa bei ya kilo moja tu, bila kuelezwa amechukua kilo ngapi. Gramu na kilo hupima kitu kilekile, ndiyo maana moja hugeuzwa kuwa nyingine kwa hesabu ya 1,000. Volti na wati hupima mambo mawili tofauti. Kati yake kuna kipimo cha tatu, zile "kilo ngapi" za mfano wetu, nacho ni ampea, ambacho kwenye karatasi ya birika lako hakikuandikwa.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inatoka kwenye neno nguvu. Taa ikififia tunasema umeme hauna nguvu, na pasi ikiwa nzito kwa matumizi tunasema ni kifaa chenye nguvu, na hatusiti hata kidogo ingawa tumesema mambo mawili. Hata hivyo, mazungumzo yetu ya kila siku yana njia nzuri ya kuyatenganisha, na ninasikitika kwamba vitabu vingi haviitumii. Mtu akisema kwamba jioni umeme huwa mdogo hata friji haliwaki, anazungumzia volti, yaani hali ya umeme wenyewe ulipofika kwenye soketi, hata kabla hajachomeka chochote. Akisema kwamba pasi inakula umeme, anazungumzia wati, yaani kasi ambayo kifaa hicho huchukua nishati wakati kinafanya kazi. Umeme huwa mdogo au mkubwa, na kifaa hula kidogo au sana. Soketi ambayo haijachomekwa kitu ina volti 230 kamili, lakini wati zake ni sifuri kwa kuwa hapana kinachokula.

Sasa tuone jinsi vipimo hivi vitatu vinavyoshikana. Kinachosafiri ndani ya waya ni chembe zenye chaji, na kiasi cha chaji hupimwa kwa kulombi. Wafikirie wachukuzi wanaopita mlangoni kwako mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mzigo kichwani, na kila mchukuzi awe ni kulombi moja. Volti hukueleza uzito wa mzigo wa kila mchukuzi: volti 230 maana yake ni kwamba kila kulombi inayopita kwenye birika inashusha humo juli 230 za nishati. Ampea hukueleza ni wachukuzi wangapi wanaopita kila sekunde. Ukizidisha mzigo wa mmoja kwa idadi yao, unapata shehena inayoshushwa kila sekunde, na hiyo ndiyo wati, kwa kuwa wati moja ni juli moja kwa sekunde. Kanuni ambayo mafundi huitumia kila siku, kwamba wati ni volti mara ampea, haina siri nyingine zaidi ya hiyo.

Mfano huu naupenda kuliko ule wa maji na bomba kwa sababu unaonyesha kwamba wachukuzi hawaliwi. Wanashusha mzigo na kurudi mikono mitupu kupitia waya wa pili, na ndiyo maana birika haliwezi kufanya kazi kwa waya mmoja. Katika umeme wa nyumbani kwa kweli hawaendi safari ndefu, bali husogea mbele na kurudi nyuma mara 50 au 60 kwa sekunde, na hiyo ndiyo maana ya zile 50/60Hz kwenye karatasi yako. Hesabu ya mzigo unaoshushwa inabaki ileile.

Turudi kwenye swali lako la kwanza. Soketi hailazimiki kuwa na volti 2,200 ili ilishe birika la wati 2,200, kama ambavyo mchukuzi mmoja halazimiki kubeba shehena nzima. Kinachotakiwa ni wachukuzi wa kutosha. Kwenye volti 230, zilizo kati ya 220 na 240, birika lako hula takriban wati 2,000; gawanya wati 2,000 kwa volti 230 na utapata karibu ampea 8.7, na huo ndio mkondo utakaopita kwenye waya wa birika lako maji yanapochemka. Balbu ya LED ya wati 9 iliyochomekwa kwenye umeme huohuo huvuta kama ampea 0.04 tu. Zote mbili zinapata volti 230 bila tofauti yoyote. Linalozitofautisha ni kiasi cha mkondo ambao kila moja inaruhusu upite ndani yake, na uamuzi huo hufanywa na kifaa. Soketi haina sauti katika jambo hilo.

Na sasa zile namba mbili, ambazo kwangu ndizo sehemu ya kuvutia zaidi katika barua yako, kwa sababu karatasi hiyo ndogo imebeba somo zima. Ndani ya birika kuna koili ya kupashia moto, na koili hiyo ina ukinzani wake, yaani kiasi cha ugumu inaouwekea mkondo, unaopimwa kwa omu. Mkondo unaopita hupatikana kwa kugawanya volti kwa omu. Chukua volti 220 na wati 1,850 zilizoandikwa: mkondo ni ampea 8.41, na kwa hiyo ukinzani wa koili ni takriban omu 26.2. Sasa acha koili hiyohiyo, bila kuigusa, lakini upandishe umeme hadi volti 240. Mkondo nao unapanda hadi karibu ampea 9.17, kwa kuwa volti zaidi husukuma chaji zaidi kupita katika ukinzani uleule. Zidisha 240 kwa 9.17 na utapata 2,200. Mtengenezaji hakubahatisha namba ya pili, wala hakukuuzia mabirika mawili. Amekuandikia birika moja linavyokula katika hali mbili za umeme.

Tazama tena hapo. Volti zimepanda kwa asilimia 9, lakini wati zimepanda kwa asilimia 19. Hii ni kwa sababu kuongezeka kwa volti kumefanya kazi mara mbili: kila mchukuzi amebeba zaidi, na papo hapo wachukuzi wenyewe wameongezeka. Kwa kifaa cha koili, volti zikipungua kuwa nusu wati hazipungui kuwa nusu, bali hushuka hadi robo. Birika la wati 2,000 kwenye volti 230, likipelekwa mahali penye volti 115, litafanya kazi kwa wati 500 hivi na mwenyewe atadhani limeharibika. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Birika lililotengenezwa kwa volti 120 na wati 1,500 likichomekwa kwenye volti 240 litajaribu kula wati 6,000, na kama fyuzi haikukatika kwanza basi koili itaungua. Ndiyo sababu kwenye lebo ya kifaa macho yaende kwanza kwenye herufi V, na herufi W ifuate.

Jirani yako, kwa hiyo, hakuwa mbali sana na ukweli. Alichokosa ni ile hatua ya katikati. Ningependa umwongezee jambo moja litakalomfurahisha kama mtu wa vyombo. Wati si kipimo cha umeme peke yake. Jina lake limetokana na James Watt, mhandisi wa Uskoti aliyeboresha injini za mvuke na kufariki mwaka 1819, ilhali volti imepata jina lake kutoka kwa Alessandro Volta wa Italia, aliyetangaza betri yake mwaka 1800. Mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme uliofanyika Paris mwaka 1881 uliidhinisha volti, omu na ampea. Wati haikuwamo, ilipendekezwa mwaka uliofuata na William Siemens nchini Uingereza. Mtu mwenye kilo 60 akipanda ngazi hadi kimo cha mita 3 kwa sekunde 6, miguu yake inafanya kazi ya kuinua mwili kwa kiwango cha wati 294 hivi, na hapo hapana waya wala soketi. Injini ya gari nayo hupimwa kwa kilowati, na nguvu farasi moja ni karibu wati 746. Ambapo kuna nishati inayotumika kwa muda, wati zipo. Volti zipo tu ambapo kuna chaji za umeme.

Kabla sijaiacha barua yako, naomba utumie ile hesabu ya ampea kwa jambo moja zaidi. Nimewahi kushika kwa mkono wangu ekstensheni iliyokuwa bado imezungushwa kwenye kibiringo chake huku birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 vikifanya kazi kwa pamoja. Waya ulikuwa wa moto kiasi kwamba niliuachia mara moja, na tulipoukunjua baadaye tukakuta mizunguko miwili imegandana plastiki. Volti zilikuwa 230 tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna umeme mkubwa uliokuja. Lakini wati 3,200 kwa volti 230 ni karibu ampea 14, na kwenye ekstensheni palikuwa pameandikwa 10A. Waya hupata joto kwa ampea zinazopita ndani yake, na mkondo ukiongezeka mara mbili joto linaongezeka mara nne. Anayesoma volti peke yake hawezi kuiona hatari hiyo inakuja.

SWALI: Adapta ya kompyuta yangu ya mkononi imeharibika. Ilikuwa imeandikwa 19V 3.42A. Fundi amenipa nyingine iliyoandikwa 19V 4.74A na ananihakikishia haina neno, lakini ninaogopa kwamba zile ampea zilizozidi zitaiunguza kompyuta. Nyumbani nina adapta nyingine ya 12V 5A ambayo plagi yake inaingia sawasawa, na nikizidisha napata wati 60, ambazo ni karibu sawa na za ile ya zamani. Je, nitumie hii badala yake?

JIBU: Msikilize fundi wako, ndugu msomaji, na adapta ya volti 12 uirudishe kabatini.

Hesabu yako ni sahihi. Adapta ya zamani ilikuwa ya wati 65, hii ya volti 12 ni ya wati 60, na aliyokupa fundi ni ya wati 90. Kwa kuangalia wati peke yake, ni kweli kwamba ya volti 12 ndiyo iliyo karibu zaidi. Tatizo ni kwamba namba mbili zilizoandikwa kwenye adapta si za aina moja. Volti ni kitu ambacho adapta inakitoa wakati wote, kompyuta itake au isitake. Ampea zilizoandikwa ni ukomo wa kile inachoweza kutoa kikihitajika. Kompyuta iliyozoea kuchukua ampea 3.42 itachukua hizohizo 3.42 hata ukiipa adapta inayoweza kutoa 4.74, na uwezo uliobaki utakaa tu bila kazi. Ni kama kuchota ndoo moja kwenye pipa badala ya kuichota kwenye mtungi: ndoo haijai zaidi ya ujazo wake. Pengine adapta hiyo mpya itapata joto dogo kuliko ya zamani, kwa kuwa haifanyi kazi kwenye ukingo wa uwezo wake.

Volti hazina uvumilivu wa namna hiyo. Kompyuta iliyoundwa kwa volti 19 ikipewa 12 kwa kawaida itakataa kuchaji, na chombo kidogo cha volti 12 kikipewa 19 kinaweza kufa papo hapo, hata kama plagi imeingia vizuri. Plagi kuingia si ushahidi wa kitu chochote. Angalia pia ule mchoro mdogo wa duara wenye alama za chanya na hasi ulio kwenye lebo, kwa sababu adapta mbili zenye volti na ampea zilezile zinaweza kuwa zimegeuziana chanya na hasi.

Ungependa kujua kwa nini upande wa kuingizia umeme wa adapta hiyohiyo umeandikwa 100–240V, upana ambao birika halithubutu kuwa nao? Adapta haina koili ya kula chochote inachopewa. Ndani yake kuna saketi inayopima na kurekebisha, ikihakikisha kwamba upande wa pili zinatoka volti 19 daima. Kompyuta inapohitaji wati 65, adapta iliyo kwenye volti 230 itavuta karibu ampea 0.28, na kwenye volti 115 itavuta mara mbili yake, ukiacha kiasi kidogo kinachopotea kama joto. Wati zimebaki palepale. Volti ziliposhuka, ampea zikapanda kufidia. Balbu nyingi za LED nazo hufanya hivyo, ndiyo maana umeme ukiwa mdogo jioni zinaweza kuendelea kung'aa ilhali balbu ya zamani ya waya hugeuka nyekundu. Friji liko mahali pabaya zaidi kuliko vyote hivyo: mota yake ikikosa volti za kutosha hushindwa kuzunguka, inavuta mkondo mkubwa ikiwa imesimama, na inaungua.

Chaja mpya za USB-C zimeongeza jambo jingine. Huanza kwa volti 5, kisha huulizana na simu au kompyuta, na ikiwa vyote viwili vinakubaliana, volti hupandishwa kwa hatua. Kwa mfano hufika volti 20 na ampea 5, ambazo ni wati 100. Hapo volti si kitu kimoja tena, lakini hupandishwa baada ya kifaa kukubali, na simu isiyojua lugha hiyo hubaki kwenye volti 5.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Nikivua sweta gizani siku za ukavu ninaona cheche, na mwalimu wetu wa fizikia alituambia kwamba zile ni maelfu ya volti. Kama volti 230 za ukutani zinaua, kwa nini maelfu ya volti za sweta hazituui?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wenu amesema kweli, na swali lako ni zuri mno.

Rudi kwa wachukuzi wa barua ya kwanza. Kwenye sweta kila mchukuzi amebeba mzigo mzito ajabu, lakini wachukuzi ni wachache mno, na wakishapita hakuna wengine nyuma yao. Mwili wa mtu aliyepata chaji hadi volti 10,000 kwa kawaida huwa umehifadhi nishati ya kama elfu tano za sehemu ya milioni ya juli, yaani juli 0.005. Balbu ya LED ya wati 9 hutumia nishati hiyo kwa muda usiofika hata elfu moja ya sekunde. Utashtuka, utasikia mchomo kwenye kidole, na umekwisha.

Hapa inabidi niwe mwangalifu nisikudanganye. Cheche hiyo hutokea kwa muda mfupi mno, na kwa kitambo hicho wati zake zinaweza kuwa nyingi sana, hata kuzidi za birika. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba cheche ina volti nyingi na wati chache, kama inavyosemwa mara nyingi. Kilicho kidogo ni nishati yote kwa jumla, kwa sababu wati ni kasi tu, na kasi kubwa ya muda mfupi kupita kiasi haifikishi mbali. Ili upate nishati ni lazima uzidishe wati kwa muda. Mita ya umeme ya nyumbani hufanya hesabu hiyohiyo: uniti moja ni kilowati-saa, yaani wati 1,000 zilizotumika kwa saa nzima, ambazo ni juli 3,600,000. Pasi ya wati 1,000 huimaliza uniti hiyo kwa saa moja, na balbu ya wati 9 kwa zaidi ya saa 111.

Soketi ya ukutani ni mlango ambao wachukuzi wake hawaishi. Ngozi iliyolowa inaweza kuteremsha ukinzani wa mwili hadi kufikia omu 1,000 hivi, na volti 230 kwenye omu 1,000 husukuma ampea 0.23, tena mfululizo, kwa muda wote utakaokuwa umeshika. Vikatizi vya usalama vinavyofungwa kwa ajili ya kulinda watu hukata umeme pindi mkondo unaovuja unapofika ampea 0.03 tu. Umeona tofauti hiyo: kinachodhuru moyo ni mkondo unaopita mwilini na muda wake, na volti ndizo zinazousukuma upite. Usije ukatoka hapa ukisema volti hazina hatari. Zina hatari kila mahali ambapo nyuma yake kuna chanzo kisichokauka.

Mfano wa mwisho, kwa upande wa pili. Betri ya gari ina volti 12 tu, ambazo ukizigusa kwa vidole vikavu hutasikia kitu, kwa sababu haziwezi kusukuma mkondo wa maana kupitia ngozi kavu. Lakini betri hiyo hutoa ampea 200 au zaidi kuzungusha starta, na 12 mara 200 ni wati 2,400, zaidi ya birika. Spana ikiangukia kwenye vichwa vyake viwili, chuma chake hupata moto mwekundu. Betri nane ndogo za volti 1.5 ukiziunganisha kwa mfuatano zitakupa volti 12 zilezile, lakini starta haitazunguka.

SWALI: Waya za minara mikubwa zinasemekana kuwa na volti laki moja na zaidi. Kwa nini umeme usisafirishwe kwa volti 230 tangu unapozalishwa, ukaepukwa usumbufu na hatari yote hiyo?

JIBU: Kwa sababu wati zinazotakiwa kufika ni nyingi, na waya hazipendi ampea.

Chukua wati 1,000,000 zinazotakiwa kupelekwa mji wa mbali kwa njia ya waya ambao ukinzani wake wote, kwenda na kurudi, ni omu 5. Ukipeleka kwa volti 10,000, mkondo utakuwa ampea 100. Joto linalopotea kwenye waya ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, kwa hiyo ni 100 mara 100 mara 5, sawa na wati 50,000 zinazopasha hewa na ndege waliotua juu yake. Peleka shehena hiyohiyo kwa volti 100,000. Sasa ampea 10 zinatosha, na kinachopotea ni wati 500. Volti zimepanda mara kumi, upotevu umeshuka mara mia. Ukijaribu kupeleka kwa volti 1,000, hesabu itadai ampea 1,000 na upotevu wa wati 5,000,000, zaidi ya zilizoondoka, maana yake ni kwamba umeme hauwezi kufika kabisa. Kwa volti 230 ni bora hata usianze.

Chombo kinachowezesha jambo hili ni transfoma, nayo ndiyo inayotoa jibu kamili kwa yule jirani wa barua ya kwanza aliyesema volti hugeuzwa kuwa wati. Transfoma hugeuza volti kuwa volti nyingine. Zikiingia volti 100,000 na ampea 10, zinaweza kutoka volti 10,000 na ampea 100, na ukizidisha pande zote mbili unapata milioni ileile ya wati, pungufu ya kiasi kidogo kinachogeuka joto na ule mngurumo unaosikika ukisimama karibu nayo. Kazi hiyo hurudiwa hatua kwa hatua njiani, volti zikishuka na ampea zikipanda kila mara, hadi transfoma ya mwisho iliyo karibu na nyumba yako, ambayo kutoka hapo zinatoka volti 230 za kuingia kwenye soketi.